Mfuko Uliotangulia

Septemba 2, Paro

Bosi wangu, Yangden, ameniita ofisini leo akanipa kazi ya kalamu. Anataka karatasi ya ushauri kwa wageni wanaokuja Bhutan: waje lini, wabebe nini, wasifanye nini.

"Thukten, umewaongoza wageni miaka kumi na tisa," akasema, "na mdomo unao. Sasa huo mdomo uhamishie kwenye karatasi."

Nikamwambia ushauri wa kwanza ni wasije Septemba. Hakucheka. Kampuni yetu ina gari moja na mahema sita, na mgeni hafukuzwi kwa sababu ya mvua.

Nimenunua daftari hili nikusanyie huo ushauri, lakini najijua. Litageuka kuwa la umbea.

Septemba 5

Mvua.

Septemba 9

Ushauri: Ndege hutua Paro rubani akiliona bonde. Wingu likikaa, ndege haitui. Jiwekee siku moja ya akiba mwanzoni na nyingine mwishoni mwa safari, na usimtukane mtu wa uwanja wa ndege. Wingu hakulileta yeye.

Ushauri: Usiunyooshee kidole mlima wala hekalu. Onyesha kwa kiganja kilicho wazi.

Ushauri: Ukikaribishwa chakula, kataa. Funika mdomo kwa kiganja, useme hapana, asante. Ukikaribishwa tena, kataa tena. Mara ya tatu pokea. Anayepokea mara ya kwanza ni mlafi. Anayekataa mara ya tatu ndiye aliyeshiba kweli.

Rinzin alikuwa akisoma begani mwangu. "Shemeji, mbona mimi napokea mara ya kwanza?"

"Ndiyo maana nimeandika."

Huyu Rinzin ni mume wa dada yangu Lhaden, na ndiye mpishi wa safari zetu. Kazi nilimpatia mimi miaka sita iliyopita, dada aliponililia. Tangu hapo sijapata saa moja ya kimya milimani. Anaongea maji yakichemka, anaongea yakishachemka, na akikosa mtu anaongea na sufuria.

Septemba 14

Mvua. Jiwe kubwa lililo mtoni mbele ya nyumba yetu limebaki kichwa tu.

Septemba 23

Leo ni Siku ya Mvua Iliyobarikiwa. Tumeoga nje alfajiri, kama kila mwaka, ili uchafu wa mwaka mzima uende na maji. Baada ya siku hii mvua hufunga mizigo yake ikaondoka, na wageni wa vuli huanza kuingia.

Mchana mzima imenyesha. Mama alikaa dirishani na shanga zake za sala mpaka jioni. "Mwaka huu haijaaga," akasema.

Nikamwambia mvua haina kalenda. Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto aliyevaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto.

Septemba 28

Mvua. Jiwe halionekani.

Oktoba 1

Tumepata wageni wawili wa safari ya mlima Jomolhari, siku tisa kwa miguu: Lurdes, mwalimu mstaafu wa hisabati kutoka Ureno, miaka sitini na sita, na kaka yake Duarte. Tunaondoka tarehe kumi na mbili. Vibali vimetoka na ada ya serikali imelipwa.

Ushauri: Huwezi kuja kupanda vilele vyetu. Unatembea chini yake, unaviangalia, unarudi. Vina wenyewe.

Oktoba 4

Mama amekwenda kwa mnajimu bila kutumwa. Amerudi uso umemshuka. Tarehe kumi na mbili ni siku ya nuksi kwa anayeelekea kaskazini. "Amesema watakaotoka siku hiyo hawatarudi na idadi waliyotoka nayo."

"Amesema hivyo au umesema wewe?"

"Thukten, usinifanyie mzaha."

Siku njema ni tarehe nane. Lakini tarehe nane wageni watakuwa bado kwao. Basi litafanyika linalofanyika kwetu siku zote: mzigo mmoja wa safari utatoka nyumbani siku njema, upelekwe upande wa safari, ulale nyumba ya mtu. Hapo safari imeshaondoka. Siku ya nuksi ikifika, wewe huondoki; unaendelea tu na safari iliyokwisha kuanza. Mzigo unauchukua ukipita.

Nimelifanya hili mara nyingi, na mara zote nilitoa begi la soksi. Mama alilisukuma kando. "Safari huidanganyi kwa soksi. Toa kitu ambacho hamwendi bila hicho."

Nikatoa mfuko mwekundu. Una chupa ya oksijeni, sindano za dharura, na lile gunia la hewa ambalo mgonjwa wa mwinuko huingizwa ndani, ukalijaza kwa pampu mpaka mwili wake ukadhani umeshuka bondeni. Ndio mfuko pekee wa aina hiyo tulio nao. Nilimpa ili aninyamazie, na pia kwa kuwa ndio pekee uliokuwa tayari umefungwa. Sitajidanganya hapa.

Oktoba 8

Mama ameubeba mfuko mwenyewe mpaka kwa mdogo wake, mama mdogo Nidup, nyumba ya mwisho juu bondeni. Barabara yetu inapita mlangoni kwake. Amerudi amelowa, ameridhika.

"Kutangulia si kufika," nikamtania.

"Wewe endelea tu," akasema.

Oktoba 11

Wageni wamefika, ndege imechelewa kwa saa tano. Duarte ameichapa karatasi yangu ya ushauri, kumbe bosi ameshawatumia nusu yake. Chakula cha jioni alifunika mdomo, akakataa, akakataa tena, kisha akanitazama kwa wasiwasi kwamba huenda sitamkaribisha mara ya tatu. Lurdes alicheka mpaka machozi. Ni mwanamke mwembamba, mkavu, anayehesabu ngazi anapopanda. Nimempenda.

Ushauri: Kichwa kikikuuma juu milimani, mwambie kiongozi wako siku hiyohiyo. Dawa ya mwinuko ni kushuka. Nyingine zote ni za kununulia muda.

Oktoba 12

Tumeondoka, na mfuko hatunao.

Maporomoko yamekata barabara ya upande wa mama mdogo Nidup. Tukapita ng'ambo ya mto kwa njia ya matrekta. Tulipofika mkabala na nyumba yake tukamwona amesimama dirishani ameuinua mfuko mwekundu kwa mikono miwili. Alikuwa anapiga kelele. Mto uliojaa ulimeza kelele zote.

Daraja liko mbele, pale barabara inapoishia na farasi wanapopakiwa. Kutoka pale mpaka kwake ni kurudi nyuma mwendo wa saa nzima kwa njia ya miguu, ukingo wa mto. Nikasema nirudi. Mzee Gyembo, mwenye farasi, alikuwa anakaza kamba ya mwisho. Hakuinua hata kichwa.

"Safari imetoka, Thukten. Hairudishwi mlangoni. Anayerudi huiita nuksi aliyoiacha nyuma."

"Hayo ni maneno ya wazee."

"Mimi ni mzee. Ulitaka niseme ya nani?"

Wageni walikuwa wamelowa chapachapa, Lurdes anatetemeka na anatabasamu. Nina cheti cha huduma ya kwanza ukutani nyumbani, kimewekwa kioo. Nilisimama pale darajani nikaogopa kurudi, niliogopa kabisa, kama mama angeogopa. Nikasema tutauchukua tukirudi. Wageni sikuwaambia. Bosi sikumpigia.

Rinzin aliniona. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikaa kimya, mpaka kambi ya kwanza.

Oktoba 13

Mvua. Ruba, wale wanyonya damu, kwenye soksi. Lurdes amehesabu kumi na nne wake na tisa wa Duarte, akatangaza ameshinda.

Oktoba 14

Tumefika chini ya Jomolhari, na Jomolhari haupo. Kuna ukuta wa wingu tu. Wageni wamekuja kutoka mwisho wa dunia kuangalia wingu.

Jioni Duarte alitoa soseji mkobani akaibanika juu ya makaa. Mzee Gyembo aliruka kama aliyeumwa na nge, akaipiga teke ikaangukia matopeni. Bibi mwenye mlima huu, mungu wake, hapendi harufu ya nyama iliyoungua. Duarte aliomba radhi mara kumi. Kosa ni langu. Ushauri huo sikuwa nimeuandika.

Nilimuuliza Lurdes kama kichwa kinamuuma. Akasema hapana. Nikamuuliza tena wakati wa chai. Hapana, asante. Alikula vijiko vitatu vya wali, uliobaki akamrudishia Rinzin.

"Mama huyu hali," Rinzin akaniambia huku anasugua sufuria. "Mimi namjua mtu kwa sahani yake."

"Amechoka."

"Aliyechoka anakula kidogo kidogo. Huyu anazungusha chakula. Shemeji, muulize tena."

Sikumuuliza mara ya tatu.

Oktoba 15

Siku ya kupumzika. Theluji imeshuka mpaka kwenye mahema, ya mapema mno. Farasi wamegeuza migongo upande wa mlima na hawataki kula. Mzee Gyembo amechoma majani ya mti wa mreteni tangu asubuhi kumtuliza mwenye mlima, moshi unakwenda chini badala ya juu.

Lurdes yuko hemani. Anasema anasoma.

Oktoba 16, jioni, kambi ya chini

Niandike yote, na kwa mpangilio.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Duarte aliniita. Lurdes alikuwa amekaa nje ya hema kwenye theluji, bila viatu. Midomo ilikuwa imekolea samawati. Nilimsimamisha, akaenda kama mlevi hatua mbili, akaanguka. Nikamuuliza huyu hapa ni nani, nikimwonyesha kaka yake. Akafikiri. Mwalimu wa hisabati alifikiri muda mrefu, kisha akasema, "Mtu wa farasi."

Duarte alianza kulia. Akasema dada yake alikuwa na maumivu ya kichwa tangu kambi ya pili, akamkataza asiseme, asije akaharibu safari ya watu.

Nilipanda kilimani kutafuta mtandao. Bosi akasema helikopta haiwezi kupanda, wingu limekaa mpaka Paro. "Mwingize kwenye gunia la hewa," akasema. Nikamwambia gunia sina. Akauliza, "Liko wapi, Thukten?" Nikakata simu.

Niliporudi, Rinzin alikuwa ameshakaza buti zake.

"Nakwenda kwa mama mdogo kuuchukua mfuko. Nyinyi mshusheni taratibu na farasi, mimi nakimbia. Nitawakuta njiani nikipandisha."

"Hapana," nikasema. "Njia imeoza yote."

"Nakwenda, shemeji. Mimi mwepesi."

"Hapana, Rinzin. Tutamshusha tu, inatosha."

"Na akizidiwa njiani mnafanya nini? Mtamwimbia? Nakwenda."

Mara ya tatu sikusema kitu.

Nimekaa hapa nikiirudia hiyo dakika. Kwetu kukataa mara mbili ni adabu, hakuna anayekuhesabia kuwa umekataa. Rinzin alijua hivyo na mimi nilijua hivyo. Nilitaka aende. Nilitaka mtu aende akalifute kosa langu kabla halijawa na jina, na nikamkatalia kwa adabu zote mpaka ikafika mara ya kukubali.

Aliondoka saa moja. Alijimiminia chai, akanywa nusu kikombe, akafunika wali wa watu kwa sahani. Nikamsikia anaongea peke yake akishuka.

Tulimfunga Lurdes juu ya farasi mweupe wa Mzee Gyembo, Duarte akimshikilia upande mmoja, mimi mwingine. Mvua juu, matope chini. Saa tano alitapika. Saa saba aliniuliza kwa nini tunakwenda haraka. Saa tisa, hapa kambini, akamtazama Duarte akamwambia, "Umevaa koti kinyume." Ilikuwa kweli. Duarte akamkumbatia na koti lake hilohilo. Midomo imerudi rangi, amekunywa supu.

Kushuka kumetosha. Nilikwisha kuliandika kwa mkono wangu.

Amesema supu haina ladha, mpishi yuko wapi. Nikamwambia yuko njiani anakuja.

Oktoba 17

Rinzin hajafika.

Oktoba 17, mchana

Tumeteremka. Chini ya kambi, mwendo wa saa mbili, mto unapopinda, njia hakuna. Upande mzima wa mlima umeingia majini pamoja na miti yake. Udongo bado unanuka mpya. Tulivuka kwa juu, msituni, saa tatu za kupanda na kushuka.

Mama mdogo Nidup alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyumba yake. Akatuhesabu kabla hatujamfikia, nikaona midomo yake ikihesabu.

"Yuko wapi?"

"Hajafika kwako?"

"Alifika jana saa tisa. Akachukua mfuko. Nikamwambia mwanangu lala, mvua hii si ya kupandia. Nikampakulia chakula, hakukaa. Akasema kuna mgonjwa anangoja."

Saa tisa. Lurdes alikuwa anamwambia kaka yake amevaa koti kinyume.

Lurdes alinishika mkono. Ingawa haelewi lugha yetu, aliona nyuso zetu. "Ni nani?" akauliza. "Ni yule wa jikoni?"

Oktoba 19

Wanakijiji na askari wa kituo cha mpakani wamempata chini ya kona, kwenye mchanga. Mfuko ulikuwa mgongoni, kamba zote zimefungwa. Amekaza vizuri. Sikujua kama anajua kufunga mzigo.

Leo mvua imekatika. Nimeamka nikaona jua na nikalichukia.

Oktoba 20

Bosi anaandika ripoti. "Nani alimtuma?" akauliza.

"Alijitolea."

"Basi nitaandika alijitolea." Akaandika. Kila neno lilikuwa la kweli, na nilitoka pale ofisini kama mwizi.

Lurdes na Duarte wameondoka kwa ndege ya asubuhi. Lurdes alimwachia Lhaden barua ambayo lazima niitafsiri mimi. Anaandika kwamba mtu mmoja alikufa kwa ajili yake na kwamba hakuwahi hata kumuuliza jina lake la pili. Bado sijaipeleka.

Nyumbani nilimkuta Mama. Nilijiandaa kusikia "nilikwambia". Hakusema. Alikuwa anajilaumu yeye: yeye ndiye aliyelikataa begi la soksi, yeye ndiye aliyeubeba mfuko. Nimemcheka miaka arobaini, na leo amejitwika mzigo wangu bila kuulizwa. Nikamwambia si wewe, Mama, ni mimi. Akatikisa kichwa. Tukakaa hivyo, kila mmoja akimnyang'anya mwenzake kosa.

Oktoba 21

Nimekwenda kwa Lhaden.

Watawa wanasoma, taa za siagi zimewashwa, na Rinzin amelazwa nyuma ya pazia akingoja siku ambayo mnajimu ataitaja ya kumchoma. Kila chakula kinapoiva, sahani yake inawekwa mbele ya pazia. Mwenye kufa hubaki nyumbani siku arobaini na tisa hajui kuwa amekufa, na anaona njaa kama sisi.

Nilimwita dada jikoni. Majirani wanaopika wakatupisha. Nikamsomea barua. Kisha nikamweleza yote: mfuko, daraja, woga wangu, simu niliyoikata, na zile hapana mbili. Nikamwambia, "Hakujitolea, Lhaden. Nilimwachia aende kwa sababu niliona aibu. Ningesema hapana ya tatu, angebaki."

Nilikuwa tayari kwa kofi. Nilikuwa nalitaka.

Alisukuma kuni ndani ya moto. Kisha akauliza, "Alikula kabla hajaondoka?"

Ulimi wangu ulikuwa umeshaandaa ndiyo. Ndio uongo ambao ungempa mtu yeyote kwenye msiba.

"Hapana," nikasema. "Nusu kikombe cha chai. Na kwa mama mdogo hakukaa kula."

"Kwa hiyo yuko pale na njaa ya siku tano."

"Ndiyo."

Akainuka. Akaitoa sufuria ya majirani jikoni, akaiweka nje. Akaosha mchele mwekundu maji matatu, akabandika. Akachukua pilipili na jibini, akashika kisu, kisha akasimama tu, kisu hewani.

"Akiwa nyumbani nampikia mimi," akasema bila kugeuka. "Chakula chake mwenyewe nyinyi ndio mmekila miaka sita, huko juu. Njoo unionyeshe. Pilipili alikuwa anazikataje?"

Nikaenda nikasimama karibu naye. Nikazitazama zile pilipili. Miaka sita amenipakulia asubuhi na jioni, akiongea, na mimi nikimwombea anyamaze nimalize kula. Nikamwambia dada yangu kwamba sijui, sikuwahi kumwangalia.